Ukija Misheni Newala, Leta Sweta na Uje na Subira

Leta sweta. Najua barua ya mwaliko wa kujitolea uliyopewa imeandikwa "majira ya joto", na vijana wanaotoka Ulaya hufika hapa na fulana tatu na kaptura mbili, kisha usiku wa kwanza wananigongea mlango kuomba blanketi la pili. Kwao ni joto, sawa. Kwetu Juni, Julai na Agosti ni kipupwe. Newala, huku kusini mwa Tanzania, imekaa juu ya uwanda wa Makonde, upepo wa kusi unapanda usiku kucha, na kuna asubuhi ukungu umelala uani mpaka saa mbili huoni hata banda la kuku.

Mimi ni Mmakua wa Masasi niliyeolewa na Mmakonde wa Newala. Mwaka huu ni wa 14 tangu nianze kupokea wageni wa misheni nyumbani kwangu: wa mwezi mmoja, wa miezi mitatu, na mmoja wa wiki tatu aliyekaa mwaka mzima. Pale parishini wananiita Mama Wageni. Maswali ya wageni ni yaleyale, na nimechoka kuyajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa, ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mjerumani akija, anajua hajui. Anauliza kila kitu, hata namna ya kumenya chungwa. Anayenipa kazi ni kijana wa Kisumu, au binti wa Bukavu, au mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa Birmingham akajifunza Kiswahili cha kuongea na bibi yake kwenye simu. Huyu anashuka kwenye basi akiamini ameshafika kwa sababu lugha anaielewa. Mwanangu, unaelewa maneno. Nchi bado.

Karatasi, upesi upesi

Hata kama pasipoti yako haihitaji viza kuingia Tanzania, kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ya kujitolea ni jingine. Wanaojitolea wana kibali chao cha ukaazi, Daraja C, na anayekuombea ni taasisi inayokupokea. Jambo hilo lianze miezi kadhaa kabla. Usikubali mtu akwambie "wewe ingia tu kama mtalii, tutajua mbele ya safari." Mbele ya safari ni mimi na padri tumekaa kwenye benchi la ofisi tukieleza tusichokijua.

Chukua cheti cha homa ya manjano kama unatoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo. Mifuko ya plastiki ya kubebea iache kwenu, kwa kuwa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Kila mwaka namwona mtu amefunga viatu vyake kwenye mfuko wa dukani. Laini ya simu utasajili kwa pasipoti na alama za vidole, kwa hiyo fanya hivyo Dar es Salaam au Masasi mchana, usingoje kufika. Pesa weka kwenye simu na nyingine mfukoni, noti ndogondogo. Mama wa vitumbua hana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi.

Wanawake, kanga mtanunua hukuhuku. Njoo na nafasi kwenye begi, doti mbili ni za lazima. Moja ya kanisani na msibani, nyingine ya kila kitu kilichobaki.

Njia, na kosa langu la Mnazi Mmoja

Kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 600 mpaka Masasi, kisha unapanda Newala. Mabasi ya Kusini yanapita njia ya Kilwa, upande wa Mbagala. Uliza mapema lako linapakia wapi na uwe pale kabla ya saa 12 asubuhi. Kaa dirishani upande wa kushoto. Utapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Rufiji. Abiria wenye umri wangu watanyamaza kidogo pale. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003 tulikuwa tukivuka kwa pantoni, na mvua ikikolea unalala ng'ambo ya mto, unapika, unafahamiana na watu, watoto wanaanza kukuita shangazi. Njia siku hizi ni lami, lakini isikudanganye. Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara sehemu za Somanga na Kusini ikabaki kisiwa. Kwa hiyo siku ya kurudi usipange basi leo na ndege kesho alfajiri. Acha siku moja katikati, hata mbili.

Ukishapita Lindi mjini utafika Mingoyo, njia panda. Moja inakwenda Mtwara, nyingine inakata kulia kwenda Masasi kupitia Mtama, Nyangao na Ndanda. Pale njia panda watu wanapaita Mnazi Mmoja.

Sasa sikiliza. Mwaka wangu wa tatu wa kazi hii nilimwandikia kijana mmoja wa Nakuru: "Ukitua, njoo Mnazi Mmoja, gari la parishi litakuwa hapo." Nilidhani nimeeleza. Kijana akatua Dar, akamwambia dereva wa bajaji Mnazi Mmoja, akashushwa kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja katikati ya jiji, akakalia begi lake kuanzia saa 4 asubuhi. Dereva wetu naye yuko Mnazi Mmoja ya Lindi, zaidi ya kilomita 400 kusini yake. Wakapigiana simu.

"Niko hapa chini ya mti."

"Hata mimi niko chini ya mti. Mbona sikuoni?"

"Inua mkono."

Wakainua mikono wote wawili. Dereva anaisimulia mpaka leo kwenye harusi. Kijana yule hakucheka siku hiyo, na nampa haki yake. Na kama angekuwa anaanzia Zanzibar angepelekwa hospitali, maana huko nako kuna hospitali ya Mnazi Mmoja. Tangu hapo naandika jina la mahali, wilaya, mkoa, na kitu kinachoonekana kwa macho. Nawe ukipewa maelekezo na mwenyeji wako, muulize hivyo hivyo: mkoa gani? Usione aibu. Mwenyeji anajua kwake sana mpaka hajui kukueleza.

Usiku wa kwanza

Utafika umechoka, una vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na watu 20 wamekaa uani wanakusubiri. Wengine wamekuja tangu saa kumi. Usiombe kwenda kulala. Kaa. Kunywa chai. Jibu "pole na safari" ya kila mtu kana kwamba ndiyo ya kwanza. Kwaya itaimba, mwinjilisti atasema maneno machache yasiyo machache, na wewe utaambiwa usimame ujitambulishe. Taja jina lako, kwenu, wazazi wako kama wapo, na kwamba umefika salama. Basi. Kuna kijana alisimama usiku huo akaeleza mpango wake wa kuinua elimu ya kata yetu kwa vipengele vitano. Wazee walipiga makofi. Ndiyo adabu yetu, mwanangu, tunapiga makofi.

Kisha utaletewa maji ya kuoga, na hapa nitakaa kidogo maana maji ndiyo yatakayokutambulisha kwetu kuliko hotuba.

Uwanda huu hauna mito. Maji ya bomba yanasukumwa kutoka bondeni, Mitema, yakipanda mlima wote, na kuna siku hayapandi. Kwa hiyo nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia mvua uani, kimechimbwa chini na kusakafiwa, bati la paa linateremsha maji ndani yake masika. Kisima changu kina mfuniko wa bati na ndoo yenye kamba. Ukiteremsha ndoo mwezi Juni inagonga maji mara moja. Agosti kamba inateremka, inateremka, ndipo unasikia. Oktoba, wewe ukiwa umesharudi kwenu, tunasikiliza kwa makini.

Utapewa nusu ndoo, labda ya uvuguvugu. Hiyo ndiyo ya kuoga yote. Kopo la kwanza limwage polepole kichwani liteleze mwili mzima. Jipake sabuni. Makopo manne ya kusuuza, na ukiyamwaga kwa mkono mmoja huku mwingine unasugua, yanatosha na yanabaki. Yaliyobaki usimwage, ni ya miguu kabla ya kulala, au ya chooni. Mgeni wetu mmoja, mtu mzuri kabisa, alikuta ndoo mbili zimejaa pale bafuni, akajua zote zake. Zilikuwa za siku mbili za nyumba nzima. Mama mkwe wangu hakusema neno. Asubuhi alimwita tu, akampa kamba, akamwambia, "Mwanangu, hebu nisaidie kuteka." Alitekeshwa ndoo kumi. Ndoo ya kumi alipoiweka chini alikuwa ameelewa, na kuanzia siku hiyo alioga kwa robo ndoo, mpaka mimi nikaanza kumbembeleza aongeze.

Wiki ya kwanza hufanyi kitu

Hili ndilo gumu. Umechangiwa nauli na kanisa lako, umepigwa picha ukiombewa, una wiki kumi tu, na mimi nakwambia wiki nzima ya kwanza usishike brashi wala chaki. Ile methali ya mgeni siku mbili na ya tatu mpe jembe, wageni wote wanaijua. Wanakuja nayo wamekwisha kuikariri. Lakini wanaisoma upande mmoja. Jembe unapewa. Hujichukulii.

Nitakupa mfano unaoniuma mpaka leo. Kuna kundi lilikuja na rangi zao na brashi zao, vijana wanane, wakapaka madarasa ya shule moja kwa siku tatu. Kazi safi. Wakati huohuo chini ya mwembe wamekaa mafundi rangi wawili wa mtaani, wanatazama. Ile ilikuwa kazi yao ya likizo kila mwaka, ndiyo sare za watoto wao Januari. Hakuna aliyewauliza. Mimi mwenyewe sikuwauliza, nilikuwa napika wali wa vijana wanane. Tangu hapo kila mgeni akitaja kazi anayotaka kufanya, namuuliza: kabla hujaja, nani alikuwa akiifanya? Kama yupo, nenda kamsaidie yeye, akuamrishe.

Wiki hiyo ya kwanza kazi yako ni kupokewa. Ni kazi, usicheke. Utapelekwa kwa mtendaji kusaini kitabu cha wageni, na kwa mwenyekiti. Sisi tuko mpakani. Ukisimama pale Shimo la Mungu, bonde lote la Ruvuma liko chini yako na ng'ambo ni Msumbiji. Tangu vurugu za Cabo Delgado zilipoanza mwaka 2017, mgeni asiyejulikana ni nani na amefikia kwa nani anaulizwa maswali. Jibu kwa upole, na pasipoti iwe karibu. Usipige picha vituo vya askari wala usijitafutie safari ya mtoni peke yako.

Halafu utazungushwa nyumba kwa nyumba. Hodi. Unasimama mpaka usikie karibu. Kimya maana yake piga tena, ya tatu ikikosa jibu ondoka. Viatu nje. Mkeka ukitandikwa, kaa hata kama umevaa suruali yako nzuri. Shikamoo kwa kila mtu anayeonekana amekuzidi, na ukikosea ukampa wa rika lako, atafurahi bure. Kanisani kwetu ni mwendo wa dakika kumi. Ukisalimia inavyotakiwa, za nyumbani, za watoto, za shamba, mzee amelalaje, ni dakika arobaini. Toka nyumbani mapema. Usikate salamu.

Na Kiswahili chako. Wakenya, nawapenda, lakini neno "nipe" liacheni Namanga. Hapa ni "naomba". Yule kijana wangu wa Nakuru, siku ya pili, alimwambia mama mkwe wangu, "Nipe maji." Akapewa, kwa mikono miwili, na tabasamu. Kisha bibi akanifuata jikoni akaninong'oneza, "Kwani tuna deni lake?" Wala usimsalimie mzee kwa "sasa?" Atakujibu, ila ataniuliza mimi wewe ni mtoto wa nani. Binti wa Bukavu yeye alikuja na "aksanti" yake, watoto wakamcheka, akacheka nao, wakamwita Aksanti mpaka siku anaondoka. Mpaka leo wananiuliza Aksanti anarudi lini. Lafudhi haimkosanishi mtu na watu. Kinachokosanisha ni kuamrisha.

Hata misheni yenyewe huku haikuanza kwa mpango kutimia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watumwa waliokombolewa, wakapitia Lindi, nia ikiwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wenyewe wakaipenda nchi, wakabaki. Steere akakubali. Sisi Waanglikana wa Masasi tunatokana na mkubwa aliyekubali kusimama pale watu waliposema pametosha. Namwambia hivyo kila kijana anayefika na ratiba ya rangi tatu.

Jikoni

Utakula ugali wa muhogo, mbaazi kwa wingi maana ndiyo msimu wake, kisamvu cha nazi, na samaki wakavu waliopanda kutoka pwani. Ugali wa muhogo unavutika, usiutafune kama wa mahindi, finyanga tonge dogo, chovya, meza. Ukipita watu wanakula wakasema karibu, hawakutanii. Kama huwezi kukaa, nawa, onja tonge moja, shukuru, nenda.

Ming'oko nataka uijue kabla hujaletewa. Ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole, inachimbwa msituni na kuchemshwa na ganda lake. Inaletwa kwenye sinia ikiwa ya moto, na pembeni chumvi iliyotwangwa na pilipili. Unamenya kwa kucha, ganda linatoka jembamba kama karatasi, unachovya, unakula, na mazungumzo yanaendelea. Siri yake iko hapo: ming'oko haishibishi upesi, kwa hiyo watu wanakaa. Mambo mengi ya parishi yetu yameamuliwa juu ya sinia la ming'oko kuliko kwenye kikao. Ukiona sinia linakuja, funga daftari lako, sogea.

Panya wa shambani nao ni kitoweo huku Kusini, wala si siri. Ukiletewa usitake, sema "nashukuru, sijazoea", kama unavyoweza kukataa nyama yoyote. Usikunje uso, usitoe simu. Mzee wangu, yaani mume wangu, anataniwa juu ya panya na ndugu zangu Wamakua kila msiba, maana sisi ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kusema yasiyosemeka. Wewe huna utani na mtu bado. Ngoja upewe.

Salfa na ngoma

Vitu viwili vya Julai ambavyo hakuna barua ya mwaliko itakayokutajia.

Cha kwanza ni salfa. Mikorosho inaanza kutoa maua na majani machanga, na adui yake ni ubwiri unga. Wakulima wanapulizia unga wa salfa alfajiri sana, upepo haujaamka na umande bado uko kwenye majani, ndipo unga unashika. Utazinduka na ngurumo za mashine kila upande ukidhani ni pikipiki, kisha harufu kama ya njiti za kiberiti elfu moja zimewashwa pamoja. Macho yatawasha. Usifue jioni ukaacha nguo kwenye kamba mpaka asubuhi. Funika maji ya kunywa. Wenye pumu waje na dawa zao za kutosha na waniambie mapema, nitawapa chumba cha upande wa barabarani. Na usilalamike mbele ya watu, tafadhali. Ile harufu ndiyo ada ya shule. Mavuno yanakuja kuanzia Oktoba, na mnada wa korosho ndio unaoamua nani ataezeka bati mwaka huo.

Cha pili ni ngoma za usiku. Mavuno ya chakula yakishaingia na shule zikifungwa, ni wakati wa jando na unyago. Utasikia ngoma mbali, utaona wavulana waliokuwa wakicheza mpira na wewe wametoweka. Wamekwenda jandoni, hawajapotea, usiitishe polisi (imewahi kutokea). Usifuate sauti, usipige picha, wala usiwaulize wali, yaani hao vijana wa jando na unyago, walifundishwa nini. Siku ya kutoka wali, hapo utaalikwa, na hapo ndipo pa kucheza mpaka miguu iume. Peleka kanga au pesa kidogo kwenye bahasha.

Wapo wageni wa kanisa wanaokuja na swali la kama Mkristo anaruhusiwa kuhudhuria. Swali hilo lina umri mkubwa hapa. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa mwaka 1926, hakulipiga jando marufuku. Alikaa na wazee, likapatikana jando la Kikristo. Watu walimpinga ndani na nje ya kanisa. Mimi kaka zangu wamepita huko. Wewe ukiwa na wiki tano tu za kuijua Newala, sikiliza kwanza.

Jumapili

Ukitoka kwenye makanisa ya vipaza sauti, utashangaa. Misa yetu ina ubani, kengele na kupiga magoti, urithi wa UMCA, wale wamisionari Waanglikana wa akina Steere. Usiniulize kama ni Wakatoliki. Wakatoliki wako Ndanda na abasia yao ya Wabenedikto, na tunapendana.

Baada ya misa kuna mnada wa sadaka. Asiye na pesa ametoa boga, mayai matano, jogoo, debe la mbaazi, na nje ya kanisa vinanadiwa. Nunua kitu kimoja. Kimoja. Mgeni mmoja aliona bei ni ndogo, akanunua kila kitu kwa bei ya kwanza mara tatu, akijua anasaidia. Fedha ilipatikana, kweli. Lakini mnada ulikwisha kwa dakika tano, na ule ndio uwanja wetu wa wiki: mjane anapandishiana bei na mwalimu mkuu juu ya boga, watu wanashangilia, boga linarudishwa linauzwa tena. Tulikwenda nyumbani mapema, kila mtu na njia yake.

Majirani zangu wengi ni Waislamu. Shemeji yangu mmoja ni Mwislamu, tunakula Idi kwake na yeye Krismasi yuko kwangu tangu asubuhi. Kama umekuja na mkoba wa vipeperushi vya kugawa mlango kwa mlango, vikabidhi kwa padri. Ukipita msikitini wakati wa sala punguza sauti, na ukialikwa futari au maulidi, nenda.

Ahadi

Usimwahidi mtoto kitu. Miaka kadhaa iliyopita mgeni alimwambia mvulana wa jirani, "Nikifika kwetu nitakutumia baiskeli." Alikuwa na nia njema, nina hakika, na maisha yakambana huko kwao. Lakini yule mvulana alikuja kwangu kila Ijumaa, siku ambayo gari la parishi linatoka Masasi. Anasimama langoni, ananisalimia, anauliza za shamba, hataji baiskeli. Anaangalia tu gari likishushwa mizigo. Miaka miwili. Ikabidi mzee wangu amnunulie ya mitumba, na hata hivyo aliuliza, "Hii ndiyo ile?"

Una kitu cha kutoa, mpe padri au mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, kimya kimya, kikiwa tayari mkononi.

Homa

Chandarua chomeka chini ya godoro kabla jua halijazama, si wakati wa kulala mbu wakiwa wameshaingia. Wewe uliyekulia Nairobi au nyanda za baridi huna kinga ya malaria kama ya watu wakubwa wa hapa, ngozi nyeusi haikusaidii kitu. Ukisikia homa, baridi au viungo kuuma, usiseme ni uchovu. Kipimo siku hiyohiyo. Ikiwa ni malaria utapewa dawa mseto ya siku tatu, maliza zote hata kama siku ya pili umeamka unataka kucheza mpira. Ikizidi, Masasi kuna Mkomaindo na Ndanda kuna hospitali ya Mtakatifu Benedikto, tutakupeleka, gari lina mafuta ya dharura daima. Na ukisharudi kwenu, hata mwezi mmoja baadaye, ukipata homa mwambie daktari ulikuwa Kusini mwa Tanzania. Asipoambiwa hatafikiri.

Maji ya kunywa tunachemsha. Kwenye malambo usiogelee, kuna kichocho.

Siku ya kuondoka

Acha robo ya begi tupu. Utapewa korosho, utapewa mbaazi, mtu atakuletea kuku hai saa 10 alfajiri na utamwachia mwinjilisti kwa shukrani. Sweta uliloleta utakuwa umeshamgawia mtu, nawajua. Nguo na viatu unavyotaka kuacha nipe mimi kimya siku moja kabla, usianze kugawa uani mbele ya watoto.

Basi linapita saa 11 na nusu alfajiri. Nitakufungia ming'oko kwenye kitambaa, chumvi na pilipili kwenye karatasi pembeni. Kule Mnazi Mmoja basi likisimama, simu inashika vizuri, nipigie. Na ukifika kwenu, kabla hujaoga, niandikie kwamba umefika. Mzee wangu hujifanya anasikiliza redio, lakini hafungi mlango wa mbele mpaka nimsomee.